Mama hawezi kusema na dawa ni nane, taarifa zake za hospitali nizibebeje siku ya dharura?

BintiWaMwisho

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie mawazo manake tangu wiki ilopita silali vizuri. Mama yangu ana miaka 78, alipata kiharusi miaka miwili ilopita, upande wa kulia umelegea na maneno yamebaki machache sana, "ndiyo" na "hapana", na hata hayo mawili wakati mwingine anayachanganya, ila anaelewa kila kitu unachomwambia. Ana presha, ana sukari, na moyo wake unapiga bila mpangilio kwa hiyo yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sasa usiku ule nyumba ya jirani ikashika moto, tunashea ukuta, moshi ukaanza kuingia kwetu, watu huko nje wanapiga kelele tokeni tokeni. Nikambeba mama na nguo yake ya kulalia, mguu mmoja una kandambili mwingine hauna, na kwenye ngazi tukateleza akagonga kichwa hapa juu ya sikio. Faili lake, lile kubwa la miaka yote, nilikuwa nimelitunza vizuri kabisa juu ya kabati, na hukohuko juu ya kabati ndiko lilikobaki.

Tulipofika kitengo cha dharura daktari akauliza swali moja tu, anatumia dawa gani. Jamani mimi ndo ninayempa hizo dawa asubuhi na jioni, kwa mkono wangu mwenyewe, na nikasimama pale nikasema "kuna kile kidogo cha pinki cha jioni". Daktari hakunigombeza, akasema kwa upole tu, vidonge vya pinki viko vingi dada, jina lake unalo? Sina. Mama ananitazama, anajua ninachoulizwa, midomo inacheza na neno halitoki. Nampigia dada yangu mkubwa simu inaita haipokelewi, ilikuwa saa nane usiku, alipokuja kupokea akakumbuka aliwahi kupiga picha cheti cha dawa, akaanza kukitafuta kwenye simu yake katikati ya picha elfu za watoto, basi zaidi ya saa nzima imeshapita ndo tunajua kumbe kile cha pinki ni warfarini, ndo ileile ya kuzuia damu kuganda, na hapo hapo nikaona sura za watu zinabadilika na mama akatangulizwa kupigwa picha ya kichwa. Hakuwa amevuja damu, namshukuru Mungu. Lakini ile saa moja bado ninayo kifuani.

Nimesikia wengine wanatumia flashi, wengine bangili, wengine simu, wengine msimbo wa QR. Nyie mnaotunza wazee, au mnaoishi na ulemavu wenyewe, mnafanyaje? Nataka kitu kinachofanya kazi kweli siku umetoka nyumbani mikono mitupu.

Nesi_ZamuYaUsiku

Pole sana mdogo wangu, na mpe mama pole. Usijilaumu, nimewahi kuona nesi mwenzetu ameleta baba yake mzazi akasahau jina la dawa ambayo yeye mwenyewe anawapa wagonjwa kila siku. Mtu akiogopa majina yanakimbia, kwa hiyo kitu cha kwanza usitegemee kichwa chako.

Ngoja nikwambie tunavyoona sisi tuliosimama upande wa pili wa kitanda. Lile faili kubwa hata ungekuja nalo hatungelisoma usiku ule, labda kesho yake wodini. Dakika zile za kwanza nahitaji karatasi MOJA, maandishi makubwa, na juu kabisa viwepo vile vitu vinavyobadilisha mkono wangu utafanya nini sasa hivi. Dawa ya kuzuia damu kuganda ni ya kwanza, kama ulivyoona, manake mtu aliyegonga kichwa akiwa kwenye warfarini anaweza kuvuja damu ndani taratibu huku anaonekana mzima, na tukijua mapema tunapima INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, na vitamini K na dawa nyingine za kurudisha damu kuganda zinakuwa karibu. Insulini ni ya pili. Halafu dawa za jamii ya steroidi kama prednisoloni kwa mtu aliyezitumia muda mrefu, hizo haziruhusiwi kukatwa ghafla na akiumwa sana anaweza kuhitaji nyongeza, sasa kama hatujui tunamuona tu presha inashuka hatuelewi kwa nini. Za kifafa. Za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, ambazo dozi zake zinakwenda na saa hasa, akichelewa dozi anakakamaa hawezi hata kumeza, na zaidi ya hapo kuna dawa za kawaida sana tunazompa mtu anayetapika, metoklopramidi kwa mfano, ambazo kwa mgonjwa wa Parkinson zinamharibia hali.

Andika jina halisi la dawa lile la kitaalamu lililo kwenye boksi, usiandike la kampuni peke yake manake la kampuni linabadilika kila ukibadilisha duka, na rangi usiandike kabisa. Miligramu ngapi, saa ngapi, ya ugonjwa gani.

Mzio nao usiandike tu "mzio wa penisilini". Andika ilitokea nini. Vipele viwili vitatu ni jambo moja, koo kuvimba mpaka akashindwa kupumua ni jambo lingine kabisa, na mimi nikisoma neno "mzio" tu sijui niko kwenye lipi.

Sasa kuna kitu ambacho karibu kila familia inakisahau, na kwa mama yako ndo naona kina uzito kuliko hata dawa. HALI YAKE YA KAWAIDA. Fikiria ameletwa na mtu wa ambulensi, wewe haupo. Mimi namuona bibi, upande wa kulia umelegea, haongei. Nitafikiri nini? Kiharusi, sasa hivi! Na kiharusi kipya kinakimbizana na saa, dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo timu nzima inaanza kukimbia kwa ajili ya udhaifu alionao tangu miaka miwili ilopita. Au kinyume chake, ambacho kinaniumiza zaidi: mtu anasema "ah huyu alishapata kiharusi zamani ndo alivyo" kumbe leo mkono wa kushoto nao umeanza kulegea na hakuna anayejua kwamba jana ulikuwa mzima. Andika wazi kabisa: "Udhaifu wa kulia ni wa zamani tangu mwaka fulani. Mkono wa kushoto una nguvu. Haongei lakini ANAELEWA. Ndiyo na hapana anaweza kuzichanganya, muulize akubane mkono." Mistari minne hiyo inatusaidia kuliko kurasa sitini.

Mwisho namba mbili za simu za watu wanaopokea usiku, na TAREHE ya kuandikwa. Karatasi isiyo na tarehe naisoma kwa mashaka.

Gurudumu44

Nesi amesema "hali ya kawaida" na nimetikisa kichwa peke yangu hapa, hiyo ndo hadithi yangu mimi.

Niliumia uti wa mgongo pingili ya T4, yaani ya nne usawa wa kifua, natumia kiti cha magurudumu mwaka wa kumi na moja sasa. Presha yangu mimi kwa kawaida ni 90 kwa 60, kwa watu kama sisi ndo inavyokuwa. Siku moja nilipelekwa mahali, sitapataja, kichwa kinaniuma kama kinapasuliwa, uso umewaka moto, jasho linatiririka kuanzia kifuani kwenda juu na chini ya hapo ngozi kavu kabisa. Wakapima presha, 145. Dada aliyepima akasema haiko mbaya sana, pumzika kwanza, wakanilaza chali. Kunilaza ndo kosa kubwa kuliko yote! Kwa mtu aliyeumia kuanzia T6 kwenda juu, kitu chochote kinachosumbua mwili chini ya pale alipoumia, hata kama hakisikii, kinaweza kuirusha presha mpaka ikaleta kiharusi au degedege, na kwa kawaida yangu ya 90 ile 145 ilikuwa tayari iko juu sana. Kumbe nini? Mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja wakati wa kunihamisha, kibofu kimejaa. Aliyeugundua ni mwenzangu niliyekuja naye, akaunyoosha kwa vidole viwili, mkojo ukaanza kushuka, na ndani ya dakika chache kichwa kikaanza kuachia.

Tangu siku hiyo nina kadi na herufi kubwa: PRESHA YANGU YA KAWAIDA NI 90/60. IKIFIKA 120 NA KICHWA KINAUMA NI DHARURA. NIKALISHE WIMA, USINILAZE. LEGEZA NGUO. ANGALIA MPIRA WA MKOJO KWANZA.

Mwanzo niliiweka kwenye mfuko wa kiti. Usifanye hivo. Siku ya purukushani watu wanakunyanyua wewe, kiti kinabaki, na kadi inabaki na kiti. Sasa iko shingoni ndani ya shati. Na kiti chenyewe nimeandika pia kwenye kadi, kwamba kiti changu ni miguu yangu, kina mto maalum wa kuzuia vidonda, kije pamoja na mimi, manake mto ukipotea siku mbili tu kidonda cha kukaa kinaanza na hicho kinachukua miezi kupona.

Jambo jingine na hili nalisema kwa moyo, juu kabisa kabla ya magonjwa nimeandika "Zungumza na mimi mwenyewe". Wanapenda kumuuliza aliyenisukuma.

Fundi_Taarifa

Nafanya kazi za mifumo ya kompyuta na ninamtunza baba, kwa hiyo nimelipima hili pande zote mbili.

Flashi achana nayo kama njia kuu. Hospitali nyingi kompyuta zao haziruhusu kuchomeka flashi ya mtu kwa ajili ya virusi, na wana haki. Msimbo wa QR ni mzuri lakini uliza swali moja, ukiskani unafungua nini? Kama unapeleka kwenye tovuti na siku hiyo mtandao umelala umebaki na mchoro tu wa viboksi vyeusi. Inawezekana kuyaweka maandishi yenyewe ndani ya msimbo bila kuhitaji intaneti, mistari michache inaingia, basi fanya hivo.

Simu kweli isaidie. Kwenye iPhone kuna ukurasa wa taarifa za kiafya tangu 2014, na Android nyingi nazo zina taarifa za dharura, na kizuri chake ni kwamba mtu anaweza kuzisoma simu ikiwa imefungwa bila kujua pasiwedi, anabonyeza sehemu ya dharura kwenye skrini. Ila lazima UIRUHUSU ionekane skrini ikiwa imefungwa, wengi wanajaza kila kitu halafu hiyo sehemu ndogo wanairuka. Mwaka 2005 kuna mhudumu wa ambulensi Uingereza anaitwa Bob Brotchie aliwashauri watu wahifadhi namba ya ndugu kwa jina la ICE, kifupi cha Kiingereza cha "wakati wa dharura", ili wahudumu wajue wampigie nani, wazo zuri sana, lakini siku hizi simu zote zina loki kwa hiyo namba iliyoko ndani ya orodha ya kawaida haifikiki.

Sasa mnisikilize kuhusu maafa makubwa manake moto wa jirani ni kitu kimoja na mji mzima kuhama ni kingine. Mwaka huohuo 2005 kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans kule Marekani, mafaili ya karatasi mengi sana yalioza kwenye maji, watu wakafika miji mingine hawajui dawa zao, na wengi wa waliokufa walikuwa wazee. Waliokuwa na nafuu kwenye suala hili ni askari wastaafu, kwa sababu hospitali zao zilikuwa zimeshaweka kumbukumbu kwenye mfumo wa kompyuta unaofikika kutoka mikoa mingine, hivyo aliyehamishiwa mbali daktari mpya alifungua akaona. Hapo kompyuta ilishinda. Lakini Japani baada ya tsunami ya Machi 2011, umeme hakuna, mtandao hakuna, kliniki zimesombwa, kilichosaidia watu wengi ni kijitabu kidogo cha karatasi wanachokiita okusuri techo, yaani daftari la dawa, duka la dawa linabandika humo kila dawa unayopewa na wewe unatembea nalo. Mzee aliyetoka na daftari lake aliendelea na dawa zilezile hata mbele ya daktari asiyemjua.

Kwa hiyo usichague. Karatasi mwilini, simu kama nakala, na picha ya karatasi hiyohiyo kwa mtu anayeishi MBALI na nyinyi, asikae mtaa mmoja manake maafa yakija yanawakuta wote.

Na kwa kumuunga mkono nesi, kuna mpangilio wa kimataifa wa muhtasari wa mgonjwa, ISO 27269 uliotoka mara ya kwanza mwaka 2021, wa kusaidia mgonjwa ahudumiwe hata nje ya nchi yake. Kiini chake ambacho lazima kiwepo ni vitu vitatu: matatizo ya kiafya, dawa, mzio. Wataalamu wameishia palepale alipoanzia nesi.

MjukuuMkubwa

Mimi babu yangu tatizo si karatasi, tatizo HATAKI. Anasema ugonjwa wangu si tangazo, nisivae kitu shingoni kila mtu anayepita asome. Na kuna ugonjwa mmoja hapo ambao kweli hata baadhi ya watoto wake hawaujui. Nimlazimishe?

Gurudumu44

Usimlazimishe kaka, ni mwili wake. Lakini mpe njia zaidi ya moja, pengine anachokataa ni kuonekana, siyo kusaidiwa. Mimi kadi yangu nimeikunja, nje imeandikwa jina na "fungua kama siwezi kujieleza", yaliyobaki yako ndani.

Nesi_ZamuYaUsiku

Naunga mkono. Na bangili haihitaji kusema kila kitu. Zile za MedicAlert zilianza Marekani 1956 baada ya binti wa daktari mmoja kupata mzio mkali wa sindano ya kinga ya pepopunda, na maneno yake mpaka leo ni machache tu, mzio, dawa moja ya hatari, namba ya kupiga. Ule ugonjwa wa siri babu anaweza kuamua usiandikwe jina lakini DAWA zake ziandikwe, sisi tukiona dawa tunaelewa na tunanyamaza, ndo kazi yetu. Mwambie tu ukweli kwamba dawa isiyoandikwa inaweza kugombana na tutakayompa, halafu aamue mwenyewe.

Kwa wanaoishi peke yao, Uingereza klabu za Lions, wale wa kujitolea, wanagawa kichupa cha plastiki, karatasi inakaa ndani, kichupa kinakaa ndani ya friji na stika ya msalaba wa kijani inabandikwa nyuma ya mlango wa mbele na kwenye friji. Mhudumu akiingia akiona stika anajua pa kwenda. Inasaidia ukiangukia nyumbani, lakini kwa moto kama wa BintiWaMwisho isingetoka, kwa hiyo ile ya mwilini ibaki palepale.

Na nimesahau, anayesafishwa damu kwa mashine aandike mkono upi una fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, mkono huo hatupimi presha wala hatutoi damu. Mwenye kifaa cha moyo atembee na ile kadi aliyopewa siku ya kuwekewa, bila hiyo hawamwingizi MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, kirahisi.

BintiWaMwisho

Nimerudi. Nimesoma yote mara mbili na kwa kweli nimelia kidogo pale kwenye "anaelewa".

Nilikuwa nimeshaanza kuandika peke yangu mezani, halafu nikasoma swali la mjukuu kuhusu babu nikaona aibu, manake mama yuko hapo kwenye kiti hatua mbili na sijamuuliza. Nikaenda nikakaa chini mbele yake nikamsomea mstari mmoja mmoja, anabana mkono kukubali. Dawa, akabana. Sukari, akabana. Nikafika "udhaifu wa kulia ni wa zamani" akabana kwa nguvu. Nikadhani tumemaliza, nikataka kuinuka, akanishika kwa ule mkono wa kushoto akagusa jicho lake la kulia, akagusa tena. Ilinichukua muda. Tangu kiharusi haoni vizuri vitu vya upande huo, na mimi nilikuwa najua, lakini sikuwahi kufikiria kwamba kule hospitali kila aliyekuja alikuja kwa upande wa kulia, alikuwa anashtuka kila akiguswa na mimi nikadhani ni maumivu. Nimeandika: "Simama kushoto kwake. Mwambie kabla ya kumshika." Akabana.

Swali langu la mwisho nesi. Nataka kuipiga laminesheni ili isilowe, lakini hiyo warfarini wanambadilishia dozi karibu kila kliniki. Nifanyeje?

Nesi_ZamuYaUsiku

Usiifunge mdogo wangu, ukiifunga utaacha kuibadilisha. Iweke kwenye mfuko wa plastiki wa zipu. Warfarini iandike kwa kalamu ya risasi, pembeni weka INR ya mwisho na tarehe yake, na kila mkitoka kliniki ufute uandike upya hapohapo kabla hamjafika nyumbani. Na picha mpya kwa dada yako.

BintiWaMwisho

Sawa. Kliniki ni Alhamisi, nimeshaifunga kalamu kwa uzi kwenye mfuko wenyewe.